Picha Kutoka Mlimani

Juu ya zahanati, mwendo wa dakika 10 kwa mwenyeji na dakika 25 kwa mtu kama mimi, kuna jiwe kubwa lililolala ubavu. Wanakijiji huliita jiwe la mtandao. Asubuhi utamkuta juu yake kijana akimuuliza dalali bei ya kabichi. Jioni utawakuta akina mama wakisubiri ujumbe wa fedha kutoka kwa watoto wao walioko Dar es Salaam. Na mara moja au mbili kwa juma hupanda hapo afisa tabibu wa zahanati, kishikwambi kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni chini ya koti lake, ili atume picha za wagonjwa. Picha hizo huja kwangu.

Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya ngozi. Kwa miaka 6 nimekuwa nikipokea picha kutoka kijiji hicho cha Milima ya Usambara. Jina la kijiji sitalitaja, kwa kuwa ndani ya makala haya yumo mgonjwa ambaye majirani zake wangemtambua mara moja. Familia yake iliniruhusu nisimulie, kwa sharti hilo.

Msomaji aliyezoea nchi ya tambarare huenda akashangaa kwa nini watu wapande jiwe ili wapate mtandao, ilhali minara ya simu inaonekana kutoka barabara ya Mombo hadi Lushoto. Sababu ni umbo la nchi yenyewe. Mawimbi ya simu husafiri karibu katika mstari ulionyooka, na mwamba huyazuia. Katika tambarare mnara mmoja huhudumia vijiji vingi. Usambara, mnara uliojengwa juu ya ukingo mmoja huangaza mteremko unaoutazama na kuliacha bonde la nyuma yake gizani, hata kama bonde hilo liko karibu kiasi cha kusikia jogoo wa upande wa pili akiwika. Kampuni ya simu hujenga penye wateja wengi, na bonde moja lenye kaya chache halilipi gharama za mnara wake. Kwa ajili ya mahali kama hapo nchi yetu ilitunga sheria mwaka 2006 na kuanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaochangia gharama pale ambapo biashara peke yake haifiki. Kazi hiyo inaendelea, bonde kwa bonde. Mwezi Agosti 2022 intaneti ya kasi ilifikishwa kituo cha Horombo katika Mlima Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na wapanda mlima wakaanza kutuma picha zao wakiwa huko huko. Nilifurahi kama Mtanzania. Nikawaza pia juu ya jiwe letu.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kijiji kilikuwa kimekaa kikingoja kuletewa teknolojia. Huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, wakulima wa mbogamboga walikuwa miongoni mwa watu walioona faida yake upesi, maana kabichi ikishakatwa haina subira. Mkulima aliyeijua bei ya Dar es Salaam kabla ya lori kufika alizungumza na dalali kwa sauti nyingine. Kwa hiyo mradi wetu ulipofika na vishikwambi viwili, paneli ya umeme jua na mafunzo ya siku tatu, wenyeji walikuwa na uzoefu na simu kuliko sisi tulivyokuwa na uzoefu na mlima. Walitueleza kwamba kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hushuka na jua halionekani kwa siku kadhaa, na kwamba paneli yetu moja haitatosha. Tuliandika maoni yao kwenye daftari. Ulipofika mwezi wa Julai, afisa tabibu alikuwa akipeleka kishikwambi cha serikali kuchajiwa kwenye duka la muuza vocha, kwa fedha zake mwenyewe. Bando pia alinunua mwenyewe, mwaka mzima, wala hakulalamika hadi tulipomuuliza.

Katika siku zile za maandalizi nilisoma sana habari za Nangi, kijiji cha wakulima katika wilaya ya Myagdi nchini Nepal, kilicho juu ya mita 2,000 katika milima ya Himalaya. Mwalimu Mahabir Pun, mzaliwa wa hapo, alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Nebraska kule Marekani, kisha akarudi kufundisha katika shule ya kijiji chake. Kompyuta za kwanza za shule ziliunganishwa kutokana na vipuri vilivyotumika na kufungwa ndani ya masanduku ya mbao. Umeme wake ulitoka kwenye mtambo mdogo uliozungushwa na maji ya kijito. Mtandao haukuwepo. Mwaka 2001 aliliandikia shirika la BBC, habari zake zikatangazwa, na watu wa kujitolea kutoka nchi za mbali wakaja kumsaidia. Walitumia vifaa vya bei nafuu vya Wi-Fi, ambavyo kwa kawaida huhudumia nyumba au ofisi moja, wakavielekeza kutoka kilima hadi kilima kwa msaada wa madishi ya televisheni na vituo vidogo vilivyofungwa hata juu ya miti. Haya yalifanyika Nepal ikiwa vitani, wakati vifaa vya mawasiliano visivyo na waya vilikuwa vikitazamwa kwa shaka na pande zote mbili. Mwaka 2007 mwalimu huyo alipewa Tuzo ya Ramon Magsaysay.

Wengi husimulia habari za Nangi kama habari za madishi na miti. Mimi kilichonivutia ni jambo jingine. Mtandao ule ulijengwa na mtu aliyekuwa akiishi mwisho wa waya, si mwanzo wake. Alijua ni nani anataka kuzungumza na nani: mwalimu wa kijiji kimoja na wanafunzi wa kijiji kingine, mfugaji na mnunuzi, mhudumu wa afya wa mlimani na madaktari wa hospitali za Pokhara na Kathmandu. Kila mstari uliovuka bonde ulikuwa na mtu huku na mtu kule. Nililisoma jambo hilo, nikalipigia mstari kwa kalamu, kisha nikasahau kujiuliza swali dogo kuhusu mradi wetu: mtu wa kule, upande wa hospitali, ni nani?

Jibu rasmi lilikuwa "kikundi". Tulifungua kikundi cha madaktari kwenye simu, tukawaingiza mabingwa wa fani mbalimbali, na maafisa tabibu wa zahanati kadhaa wakaambiwa watume maswali humo. Siku ya uzinduzi tulipiga makofi. Lakini kikundi kikiwa na watu 30, kila mmoja huamini kwamba mwenzake atajibu.

Sitaki kusema kwamba mambo yalikwenda vibaya tu. Usiku mmoja wa msimu wa kupulizia viazi zilifika picha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya lebo ya chupa ya kiuatilifu. Ya pili, jicho la kijana ambaye mboni yake ilikuwa imesinyaa kama ncha ya sindano. Kijana alikuwa akitokwa na mate na jasho, na kifua chake kilikoroma. Mwenzangu, bingwa wa magonjwa ya ndani, alikuwa zamu na simu mkononi. Aliisoma lebo, akatambua kundi la organofosfeti, akajibu kabla dakika tano hazijapita: mvueni nguo, mwosheni kwa sabuni na maji mengi, wahudumu wavae glavu, anzeni atropini. Zahanati ilikuwa na vichupa vichache vya dawa hiyo. Muuguzi alibaki jiweni na kishikwambi na tochi. Afisa tabibu alibaki na mgonjwa. Kijana wa jirani alikimbia kati yao akibeba karatasi. Karatasi mojawapo ninayo hadi leo. Imeandikwa kwa mkono wa muuguzi: "Daktari anasema usiangalie mboni, angalia kifua. Ongeza dawa mpaka kifua kikauke." Hilo ni somo ambalo hata wanafunzi wetu wa mwaka wa tano hulikosea, nalo lilishuka mlimani kwa miguu, usiku. Alfajiri gari la kubeba mbogamboga lilimchukua kijana hadi hospitali, akapona.

Teknolojia iliyotumika usiku ule ndiyo ile ile iliyotumika katika kisa kinachofuata.

Mzee mmoja mkulima, mwenye umri wa miaka 58, alikwenda zahanati kwa sababu ya kikohozi. Alipovua viatu ili apimwe uzito, afisa tabibu aliona doa jeusi kwenye kisigino cha kulia. Alipanda jiweni akatuma picha na maneno haya: "Shikamoo daktari. Mzee huyu ana doa kisiginoni, anasema alikanyaga kisiki. Halimuumi. Tufanyeje?" Picha ilipigwa ndani ya chumba, jioni, na kivuli cha mkono wa mpigaji kilikuwa kimeangukia nusu ya kisigino. Niliifungua nikiwa ninatembea kutoka wodini kwenda kliniki. Mkulima, jembe, kisiki, kisigino: kila kitu kilinielekeza kwenye jambo la kawaida. Niliandika: "Damu imevilia. Asubiri, itaisha." Sidhani kama nilisimama kuandika maneno hayo.

Baada ya miezi 7 mzee alikuja mwenyewe kwa basi, akiwa amefunga kisigino kwa kitambaa. Doa lilikuwa limekuwa kidonda chenye kingo nyeusi, na kwenye kinena cha upande huo ulikuwapo mtoki mgumu ambao haukuuma. Nilimuuliza kwa nini amechelewa. Hakunielewa vibaya, wala hakukasirika.

"Simu ilisema nisubiri," alinijibu. "Nikasubiri."

Nilimwambia kwamba simu ile ilikuwa mimi. Alinitazama kitambo, kisha akauliza: "Na leo unaona vizuri, mwanangu?"

Ugonjwa wake ulikuwa melanoma, saratani inayoanzia kwenye seli zinazoipa ngozi rangi yake. Watu wengi, wakiwamo baadhi ya wahudumu wa afya, hudhani kwamba saratani hii ni ya watu weupe waliochomwa na jua. Kwa watu weusi hujitokeza zaidi mahali ambapo jua halifiki: kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, na kwa sababu hiyo huchelewa kuonekana. Mwanamuziki Bob Marley alifariki mwaka 1981, akiwa na miaka 36, kwa melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Naye pia alidhani mwanzoni kwamba ni jeraha la mpira. Hatima ya mgonjwa hutegemea sana kina cha saratani ndani ya ngozi, kinachopimwa kwa milimita. Ikikatwa ikiwa bado haijapita milimita moja, wengi hupona. Ikishafika kwenye tezi za kinena, mambo huwa mengine. Madaktari wa upasuaji waliondoa sehemu ya kisigino pamoja na tezi. Mzee alirudi kijijini, akapanda viazi msimu mmoja zaidi, na akafariki baada ya miezi 14.

Nimeitazama picha ile ya kwanza mara nyingi. Nilipoikuza kwenye kompyuta nilitumaini kuona kingo zisizo sawa au rangi mbili ndani ya doa, ili angalau nijihukumu kwa kosa la kutoona. Hakuna kinachoonekana. Programu ya kutumiana ujumbe ilikuwa imeibana picha ili ipite katika mtandao dhaifu, na kivuli kilificha kilichosalia. Jibu la kitaalamu kwa picha ile lilikuwa moja tu: sioni. Nilijibu nisichokiona.

Kuna jambo jingine ambalo afisa tabibu aliniambia baada ya mazishi, tukiwa tumekaa nje ya zahanati. Alikuwa na wasiwasi na doa lile tangu siku ya kwanza. Alikuwa amelikwangua kidogo kwa wembe, kama alivyofundishwa, maana damu iliyovilia chini ya ngozi nene ya kisigino mara nyingi hutoka ukiikwangua. Hilo halikutoka. "Kwa nini hukuniandikia tena?" nilimuuliza. "Daktari, wewe ni bingwa," alisema. "Ulikwisha kujibu."

Naliandika neno hilo hapa kwa ajili ya wenzangu wa hospitali kubwa. Tulipopeleka vishikwambi mlimani tulipeleka pia cheo chetu, na cheo kilifika kikiwa na nguvu kuliko picha. Kabla ya mradi, afisa tabibu mwenye shaka angemwandikia mgonjwa barua ya rufaa na kumpandisha basi. Teknolojia ilimpa njia ya kuniuliza, na jibu langu likamnyang'anya uamuzi ambao alikuwa ameufikia kwa mikono yake mwenyewe, akiwa amelishika kisigino.

Tulikifunga kikundi. Badala yake hospitali ina simu moja, na kila juma daktari mmoja mwenye jina lililoandikwa ukutani huwa ndiye anayeijibu. Saa 7 mchana hukaa chini na kuzifungua picha zote, na dharura hupigiwa simu wakati wowote. Mabishano kuhusu nani alipie muda wa maongezi yalichukua miezi 4, muda mrefu kuliko kufunga paneli ya pili. Picha hupigwa nje, mchana, moja kwa mbali na moja kwa karibu, kiberiti kikiwa kando ya kidonda ili ukubwa ujulikane, kisha hutumwa kama faili ili isibanwe. Mpigaji huandika lini doa lilianza, kama linakua, kama limetoa damu, na likikwanguliwa linabaki au linatoka. Na huandika maoni yake mwenyewe kwanza, kabla ya kuuliza ya kwetu. Daktari anaruhusiwa majibu ya aina tatu: tibu hivi, mlete, au sioni vizuri. Maoni ya zahanati na ya hospitali yakitofautiana, watu hao wawili huzungumza kwa sauti, si kwa maandishi. Mwisho, kila picha huingizwa kwenye daftari la karatasi la zahanati pamoja na tarehe ya mgonjwa kurudi. Kijana mmoja wa kitengo cha TEHAMA alinicheka kwa daftari hilo. Lakini daftari halihitaji chaji, na ukungu wa Julai haulizimi.

Kuhusu siri ya mgonjwa tulijifunza kutoka kwa wanawake. Katika kaya nyingi simu ni ya mume, na katika fani yangu, inayohusisha pia magonjwa ya zinaa, ujumbe wa majibu unaosomwa na mtu mwingine unaweza kuvunja nyumba. Nasi tulikuwa tukituma majibu kwa namba ya simu iliyoandikwa kwenye kadi, bila kuuliza ni ya nani. Mama mmoja alimwambia muuguzi kwamba afadhali apande jiwe mwenyewe kuliko simu ya mumewe iite. Sasa majibu hurudi zahanati, na mgonjwa huambiwa uso kwa uso. Jiwe nalo lina macho: ni mahali pa watu wote, na mtu anapofungua picha ya mwili wa jirani yake mbele ya wanaosubiri bei ya karoti, hakuna nywila itakayomsaidia. Tulikubaliana kwamba picha hazifunguliwi jiweni, hutumwa tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Ilipofika, hatukuwa na mengi ya kubadilisha, ila kuandika fomu ya ridhaa kwa lugha ambayo mtu huielewa akisomewa mara moja.

Mwaka jana mtandao uliboreshwa upande wetu wa bonde, na sasa siku za anga safi kishikwambi hushika hata kwenye dirisha la mashariki la zahanati. Vijana bado hupanda jiweni; wanasema huko kuna upepo.

Juma lililopita lilikuwa zamu yangu. Saa 7 mchana nilifungua picha ya wayo wa mwanamke wa miaka 40, mpanda karoti: doa jeusi chini ya kidole gumba, dogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti kilichowekwa kando yake. Chini yake afisa tabibu alikuwa ameandika: "Siku 9. Halikui. Limekwanguliwa, limetoka nusu. Maoni yangu: damu." Nilikubaliana naye, lakini nilimpigia. Tuliongea dakika 6. Amemzungushia doa mstari kwa kalamu ya wino, na kwenye daftari ameandika tarehe ya kurudi, wiki mbili kuanzia siku ile. Mama asipofika, mhudumu wa afya wa kitongoji chake atapita nyumbani kwake akielekea shambani.